Harufu ya Mtandio

Mwaka ule chupa zilianza kuletwa kabla baridi yenyewe haijafika. Watu waliziacha juu ya ukuta mfupi wa kibaraza, zimeoshwa, zimegeuzwa midomo chini, kila moja na alama ya mwenyewe. Hii ilifungwa uzi mwekundu shingoni, ile ilipakwa rangi ya kucha kwenye kifuniko, na nyingine bado ilikuwa na karatasi ya mafuta ya kupikia. Wenyewe hawakubisha hodi. Walikuwa wamemzoea Bi Mkubwa, na Bi Mkubwa hakuwa mtu wa kukumbushwa kazi yake. Ila Bi Mkubwa alikuwa kaburini tangu msimu wa baridi uliopita, na aliyekuwa akizitazama zile chupa kupitia dirisha la jikoni, moyo ukimwenda mbio, alikuwa mkwe wake.

Mtaani walimwita Mama Kasuku, kwa ajili ya binti yake wa pekee, mtoto wa miaka minane aliyeanza kusema mapema na hajapumzika tangu hapo. Mumewe alikuwa dobi. Nyumba yao ilikuwa vyumba viwili, jiko, na ua wa nyuma uliojaa kamba za kuanikia hivi kwamba ukitaka kwenda chooni lazima uiname chini ya mashati ya watu. Miezi ya jua dobi alikuwa mtu mbele za watu, anachagua kazi, hii anachukua na ile anakataa. Yakianza manyunyu nguo zinalala kambani zisikauke, zinashika uvundo, wateja wananung'unika, na mwisho wanaamua kufua wenyewe. Hapo ndipo dawa ya kifua ya Bi Mkubwa ilipoibeba nyumba. Ilitoka chupa mojamoja, lakini mtaa mzima unaokohoa si haba.

Kwa hiyo dawa ilibidi ipikwe, na mpishi alikuwa ameshateuliwa. Wiki yake ya mwisho Bi Mkubwa aliutoa mwiko wake wa kukorogea dawa chini ya mto. Binti yake wa kumzaa, dada wa dobi na msusi wa nywele, alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, na mkono wake ulikuwa umeshanyooka nusu kuupokea. Mwiko ukapita juu ya mkono huo, ukaenda kwa mkwe. Hakuna aliyeuzungumzia ule mkono siku ile wala baadaye, na hakuna aliyeusahau.

Jambo ambalo Mama Kasuku hakumwambia mtu ni kwamba pua yake ilikuwa imekufa. Alimuuguza mkwewe mafua yale mabaya, yakampata na yeye, akapona kila mahali isipokuwa puani. Sabuni haikunuka, mafuta ya taa hayakunuka, na maharage aliyaunguza mpaka dobi akapiga kelele kutoka uani kuuliza kama anataka kuchoma nyumba. Alicheka akasema mawazo yalikuwa mbali. Angesema nini tena? Dawa ya Bi Mkubwa haikuwa na saa wala kipimo, ilipikwa kwa pua. Tangawizi ilitangulia, ikachemka mpaka ukali wake ukalegea hewani. Vikafuata vitunguu saumu na mchaichai, kisha majani ya mkaratusi, na hapo mpishi alisimama juu ya sufuria akisubiri harufu igeuke. Ikigeuka, sufuria inaepuliwa papo hapo. Ukiwahi, dawa ni mbichi, ukichelewa, imeungua. Asali na ndimu viliingia ikishapoa. Mtu asiyenusa alikuwa na kazi gani na sufuria kama ile?

Na bado kulikuwa na harufu moja aliyoisikia. Siku chache baada ya mazishi alikuwa akiosha vyombo, mara moshi ukamjia puani. Aliujua palepale. Ulikuwa moshi wa mtandio wa Bi Mkubwa, ule wa kahawia uliokuwa ukining'inia nyuma ya mlango wa jiko, ambao dobi mwenyewe, na ufundi wake wote, hakuwahi kuutoa harufu. Aligeuka. Nyuma ya mlango palikuwa na msumari mtupu, kwa maana mtandio alikuwa ameshapewa wifi yake. Mwili ukamsisimka, akamwamkia mkwewe kwa sauti ya chini, kama alivyofanya kila asubuhi ya ndoa yake. Tangu siku hiyo moshi ulikuja na kuondoka upendavyo, na yeye hakuacha kuuamkia.

Aliuogopa, tusidanganyane. Alikuwa na sababu. Kikombe cha mwisho alichompelekea Bi Mkubwa, mama wa watu alikipokea kwa mikono miwili, akakisogeza puani, akakirudisha. "Umeiunguza, mwanangu," alisema. "Inanuka moshi." Akageukia ukutani. Kesho yake alfajiri akakata roho, hajaonja dawa yake mwenyewe. Mama Kasuku alibaki na kile kikombe, akakinusa na kukinusa, asipate kitu. Aliiunguza au hakuiunguza? Hakuwa na pua ya kumjibu. Alikuwa akiishi na swali hilo mwaka mzima, linalala naye na kuamka naye.

*

Wa kwanza kuanza kukohoa ndani ya nyumba alikuwa Kasuku. Kilianza kama kikohozi cha kujidekeza, baada ya siku mbili kikashuka kifuani na kuanza kulia filimbi. Mtoto alilazwa chumbani na blanketi mbili, na hata humo aliendelea kutoa maagizo: uji uwe wa moto, mlango ufungwe, na dawa ya bibi mbona haijapikwa.

Wifi alipita jioni kumjulia hali. Alikuwa mwanamke mrefu, mikono yake imekauka kwa miaka ya kusuka vichwa vya watu, na maneno yake hakuyapaka mafuta. Alimpapasa mtoto kifua, akamwekea machungwa kando ya mto, kisha akasimama mlangoni pa jiko akiitazama sufuria kubwa iliyofunikwa.

"Naona chupa zimeshajipanga," alisema. "Mwaka huu tutakunywa dawa ya mama, au tutakunywa chai?"

Dobi alikohoa kidogo, kikohozi cha mtu anayetaka dada yake anyamaze. Mama Kasuku alitabasamu, akamkaribisha kiti. Wifi hakukaa. Alisema ana kichwa cha mteja kinamsubiri, na kwamba yeye chupa yake ataileta mwenyewe mkononi, haiachi ukutani kama watu baki. Alipoondoka, dobi alimwambia mkewe asimtilie maanani, dada yake alizaliwa hivyo. Ila Mama Kasuku alijua kuwa wifi yake hakuzaliwa hivyo. Zamani walikuwa wakichekeana mpaka machozi kwenye jiko lilelile. Uchungu ule aliupata siku ya mwiko.

*

Mkaratusi waliokuwa wakichuma majani yake ulikuwa nyuma ya ukuta wa shule, na mwaka ule ulikatwa. Barabara ilikuwa inapanuliwa. Mafundi waliuangusha mkaratusi, wakafyeka na miti ya maua iliyopandwa kando ya ukuta, ile yenye maua ya rangi ya waridi inayopendwa kwa kuwa haitaki kutunzwa, wakarundika matawi yote pamoja yakisubiri lori. Mama Kasuku alipofika asubuhi na mfuko wake alidhani bahati imemwangukia. Majani tele, chini kabisa, hakuna kupanda wala kuomba mtu.

Manyunyu yalikuwa yameloanisha kila kitu na maua yote yalikuwa yamepukutika. Majani yalibaki yamelaliana, membamba, marefu, yanang'aa maji. Mlinzi wa shule, mzee aliyekuwa na chupa yake pale kibarazani tangu mwanzo, alijivuta mpaka karibu na rundo akijifunika kifua kwa koti.

Bi Mkubwa hakuwahi kuchuma tawi bila kulijaribu. Alichukua jani, akalifikicha kiganjani, akalinusa, na lisilonuka alilitupa. Mama Kasuku alifanya vivyo hivyo. Alifikicha, akainua kiganja, akavuta pumzi ndefu, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeridhika. Alifanya hivyo kwa kila tawi, na kila mara kiganjani hapakuwa na kitu isipokuwa ubaridi wa maji.

"Unanusa kama marehemu," mlinzi alimwambia. "Ukinipa mgongo naona ni yeye."

Maneno yale yalimchoma kuliko tusi. Alitaka kuweka mfuko chini aseme, mzee wangu, nisaidie, ninusie haya majani. Sekunde hiyohiyo moshi ukaja. Ulikuja mzito, karibu, kana kwamba mtandio umemgusa shavu. Alidhani ameelewa. Bi Mkubwa alikuwa pale, anamwambia ndiyo, haya ndiyo. Alijaza mfuko mpaka ukakataa kufunga, akamuaga mlinzi, akarudi nyumbani na moyo mwepesi kuliko alivyokuwa nao mwaka mzima.

*

Alipika asubuhi ileile. Kasuku alikuwa akimsimamia kutoka kitandani, kwa sauti iliyokwaruza, akiuliza kama tangawizi imeingia, kama mchaichai umefungwa fundo kama bibi alivyoufunga. Mama Kasuku aliponda, akakata, akakoroga. Mvuke ulimjaa usoni na hakuambiwa kitu na mvuke. Alipotia majani alisimama na mwiko mkononi, macho amefumba, akingoja. Hakungoja harufu ya sufuria. Alimngoja mkwewe.

Moshi ulipokuja alisema kwa sauti, "Imegeuka," akaepua.

Nyumba ile ilikuwa na sheria moja kuhusu dawa, na Bi Mkubwa hakuivunja hata siku aliyokuwa na watu kumi mlangoni. Anayepika ndiye anayetangulia kunywa, kikombe kidogo kama cha kahawa, peke yake, na wengine wanasubiri mpaka jioni. Jioni mkubwa wa nyumba anamuuliza mbele ya wote, "Imekukaaje?" Mpishi akijibu, "Imetulia," ndipo chupa zinajazwa. Watoto walikuwa wakiona ni mchezo. Bi Mkubwa hakuwahi kueleza, na watu wakachukulia kuwa ni madaha ya mpishi.

Mama Kasuku alikunywa kikombe chake amesimama. Ilikuwa chungu kidogo, lakini ulimi usio na pua hauna habari nyingi. Kasuku aliomba hata kijiko, aonje tu. Akaambiwa jioni. Akaomba tena baada ya muda, na tena, akikohoa katikati ya maneno, na filimbi ya kifuani ikawa inasikika hadi uani. Kila alipoomba mama yake alitamani kumpa.

Mchana tumbo lilimgeuka. Alikuwa akimsaidia mumewe kuhamisha nguo kutoka kamba hadi kamba, kufuata kajua kadogo, akaona mashuka yana ukingo wa manjano kama yameanikwa mbele ya taa. Akafikicha macho. Ukingo ukabaki. Alipita chini ya mashati, akazunguka nyuma ya choo, akatapika mpaka miguu ikamtetemeka. Moyo wake ulikuwa unafanya jambo geni. Ulipiga, ukanyamaza kidogo kana kwamba umesahau, kisha ukapiga kwa kishindo. Aliegemea ukuta na moshi ukamjia tena, na kwa mara ya kwanza hakujua kama unamfariji au unamcheka.

Aliosha mdomo kwa maji ya bomba la kufulia, akafukia matapishi kwa mchanga. Dobi alimuuliza mbona amepauka. Akasema baridi.

Alikuwa na nafasi ya kusema, na aliiona. Ila akisema, chupa zitarudi kwa wenyewe zikiwa tupu. Wifi ataupata mwiko, na mtaa mzima utajua kwamba Bi Mkubwa alikosea kuchagua. Hayo yote angeyavumilia. Asilolivumilia ni kwamba, kama hawezi kupika dawa leo, basi hakuweza siku ile pia, na kikombe kile cha mwisho alikiunguza kweli, na mama wa watu alikufa amegeukia ukuta kwa sababu yake. Alijipigapiga mashavu yapate rangi, akaingia ndani.

*

Jioni walikaa watatu chumbani kwa mtoto. Dobi alikuwa amevaa shati safi, safari hii la kwake mwenyewe. Alikuwa hajawahi kuliuliza swali lile, kila mwaka mama yake alijiuliza mwenyewe kwa sauti na kujijibu, na sasa alijikuna shingo, akatazama sakafu, akawa kama mtu anayeposa.

"Haya, mama Kasuku," alisema. Akasawazisha kola ya shati. Akaanza upya. "Imekukaaje?"

Alipoinua uso macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na mkewe akaona kuwa anamlilia mama yake, na kwamba anamshukuru yeye kwa kuendeleza jambo hilo ndani ya nyumba.

"Imetulia," akajibu.

Alikwenda jikoni, akachota kikombe, akatia asali na ndimu, akarudi nacho kwa mikono miwili. Kasuku alikuwa ameshaketi, mto mgongoni, viganja wazi. Wifi akaingia wakati huohuo na chupa yake kwapani. Aliamkia, akavua viatu, na kwa kuwa njia ilikuwa nyembamba akakipokea kikombe ili Mama Kasuku apite. Akakisogeza puani, kama mtu yeyote wa nyumba ile angefanya.

"Hii haina mkaratusi," alisema.

Mama Kasuku alicheka kicheko kikavu. Alisema hilo alilijua litakuja. Wifi yake hajawahi kukosa la kusema, na kama anautaka mwiko auchukue mbele ya kaka yake, asizunguke kwa kukosoa dawa ya mtoto mgonjwa. Dobi alisimama, akakaa, akasimama tena. Alimwomba dada yake aache. Kwa kawaida wifi angejibu na vyombo vingelia, lakini hakujibu. Alinusa tena, akakunja uso.

"Sikutanii, wifi. Mkaratusi upo kidogo tu kwa mbali, na kuna kitu kingine kibichi kama majani ya ua. Nusa mwenyewe."

Akamsogezea kikombe puani, mbele ya mumewe na mtoto wake. Mama Kasuku alivuta pumzi. Moshi. Moshi mtupu, mwingi, wa mtandio.

"Mkaratusi upo," alisema.

"Basi niambie unanusa nini."

Kasuku, ambaye hakuona sababu ya watu wazima kugombana juu ya dawa yake, alijinyoosha, akakichukua kikombe mkononi mwa shangazi yake na kukipeleka mdomoni.

Mama Kasuku alimpokonya kwa nguvu, dawa ikamwagika juu ya blanketi na mtoto akaanza kulia. Hakujua kama ni mkono wake uliofanya hivyo au ni wa mtu mwingine. Alikaa sakafuni palepale, kikombe tupu kifuani.

"Moshi," alisema. "Nanusa moshi. Sina pua, wifi. Tangu alipougua mama sinusi kitu. Na dawa haikutulia. Nimetapika mchana kutwa nikawaficha."

Wifi aliweka chupa chini. Yeyote aliyemjua angetegemea aseme neno lake, na lingekuwa neno la haki. Badala yake alipiga goti, akamshika kiganja, akakikuta baridi na chepechepe, akaweka vidole kwenye mshipa kama alivyomwona mama yake akifanya kwa wagonjwa. Alisikiliza. Kisha akamwambia kaka yake atafute gari, sasa hivi, asiulize nauli.

*

Zahanati walimlaza. Muuguzi alimpima, akamtundikia maji, na alipoambiwa habari ya majani akaagiza yaletwe. Wifi alikwenda na kurudi na mfuko wa majani yaliyobaki. Muuguzi aliyamwaga mezani na kuyafikicha moja moja kwa kucha, akiyatenga mafungu mawili. Yote yalikuwa membamba na marefu. Lililokuwa fungu kubwa halikunuka mkaratusi.

Alisema hili ni la ule mti wa maua ya rangi ya waridi, na kwamba mti ule hauliwi wala hauchemshwi, unasimamisha moyo. Alimwambia Mama Kasuku ameponea kwenye udogo wa kikombe. Kisha akamtazama Kasuku, aliyekuwa ameletwa naye apimwe kifua na alikuwa amelala mapajani mwa baba yake.

"Kwa huyu," muuguzi alisema, "tusingekuwa tunazungumza."

Dobi alimbeba mtoto akatoka naye nje, kwenye benchi la koridoni. Mama Kasuku alimsikia akilia huko, kilio cha mwanamume anayejaribu asimwamshe mtoto. Alitamani ardhi impokee. Alimngojea Bi Mkubwa aje na moshi wake, aje amwambie kwa nini alimwitikia pale kwenye rundo, kwa nini alimwacha aepue, aonje, amchotee mjukuu wake. Kwa mara ya kwanza alimkasirikia.

Wifi alikaa pembeni ya kitanda. Dirisha lilikuwa bovu na upepo ukipenya, akajifungua mtandio aliokuwa amejifunika mabegani, akamtandikia wifi yake kifuani. Ulikuwa ule wa kahawia. Mama Kasuku aliutambua kwa pindo lake lililotatuka. Aliushika kwa mikono miwili, akaufunika usoni, akavuta pumzi mpaka mbavu zikauma.

Hapakuwa na kitu.

"Huu unanuka moshi?" aliuliza kutoka ndani ya nguo.

"Mpaka wateja wanalalamika," wifi alisema.

Mama Kasuku aliushusha. Moshi aliokuwa akiusikia mwaka mzima haukutoka kwenye mtandio huu. Akasimulia yote, polepole, bila kumtazama: msumari nyuma ya mlango, maamkizi ya kila asubuhi, rundo la matawi, na mwisho kile kikombe. Alivyoambiwa ameunguza. Alivyogeuziwa mgongo.

Wifi alivutavuta nyuzi za pindo.

"Na mimi nilimpelekea maji," alisema. "Alfajiri ile, wewe ulikuwa umepitiwa na usingizi. Maji tu, wifi, ya mtungini, kwenye glasi. Akasema yananuka moshi. Akageukia ukuta. Nikasema basi, mwiko ameninyima, na maji ya mkono wangu hayataki. Nimekuchukia kwa ajili ya glasi ile."

Walitazamana. Muuguzi, aliyekuwa akirekebisha dripu, aliwasikia bila kutaka, akawaambia jambo hilo linajulikana. Mafua makali yakiharibu pua, wengine hawanusi kitu, na wengine wananusa moshi usiokuwepo, hata kwenye maji, hata kwenye mto. Wengine inawarudia kwa miezi. Alisema hivyo kama anayetaja hali ya hewa, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Wifi alilaza kichwa begani pa Mama Kasuku, akalia kwa sauti, yeye ambaye mazishini hakulia. Kumbe mama hakumkataa mtu. Mama Kasuku alimpigapiga mgongo. Mzigo wa mwaka mzima ulikuwa umeshuka, na alipaswa kufurahi, na alifurahi. Lakini chini ya furaha hiyo kulikuwa na upweke ambao hakuutarajia. Kama moshi ulikuwa ugonjwa, basi asubuhi zile zote alikuwa akiuamkia msumari.

*

Alipopata nguvu walipika upya. Sufuria ya kwanza dobi alikuwa ameshaimwaga kwenye shimo refu, akaisugua kwa majivu mpaka mkono ukamchubuka. Kisha alikwenda mwenyewe kwa kila mwenye chupa na kueleza yaliyotokea. Wengine walichukua chupa zao na hawakuzirudisha, na mmoja alisema maneno ambayo dobi hakuyafikisha nyumbani. Mlinzi wa shule aliiacha ya kwake. Alisema asubuhi ile alisimama karibu na rundo, na ana pua, na hakufikicha hata jani moja.

Mkaratusi mwingine waliupata mbali, nyuma ya kituo cha mafuta, na wifi alifikicha kila tawi. Jikoni waliweka benchi mbele ya jiko. Mwiko ulikuwa mkononi mwa Mama Kasuku, pua ilikuwa ya wifi, na Kasuku, aliyepona kwa maji ya moto na dawa za zahanati, aliwasimamia wote wawili. Tangawizi ilichemka, mchaichai ukaingia umefungwa fundo, majani yakafuata. Wifi aliinama juu ya mvuke, macho amefumba, akingoja igeuke.

Hapo ndipo moshi ulipokuja. Ulikuja kwa upole, ukakaa karibu na shavu lake la kushoto, kama zamani. Mama Kasuku alitulia na mwiko mkononi.

"Wifi, unanusa moshi?"

"Hapana," wifi alijibu bila kufumbua macho. "Nanusa tangawizi. Bado kidogo."

Mama Kasuku aliitikia kwa kichwa kuonyesha amesikia. Alijua sasa ni nini, alikuwa ameelezwa na ameelewa. Akaendelea kukoroga. Kisha akasogea kwenye benchi, akaacha katikati yao nafasi ya kumtosha mtu mmoja, na wifi alipofumbua macho akaiona ile nafasi, hakuuliza. Alisogea na yeye kidogo upande wake.